Sura ya Sita: Ugonjwa wa Leo, Chanzo cha Juzi

Mwanamume wa miaka 48 akilazwa katika Hospitali ya Thika Level 5, tumbo limejaa maji, macho yamegeuka manjano, miguu imevimba na mabega yamekonda, watu wa kwao huwa wameshatoa hukumu kabla daktari hajafika kitandani: ni pombe. Huenda ni kweli. Huenda pia hajaonja chupa hata moja maishani mwake. Lisilo na shaka ni kwamba ugonjwa wake haukuanza mwaka huu wala mwaka jana. Sirosisi, yaani ini kujaa makovu mpaka likakakamaa na kusinyaa, hujengeka kwa miaka kumi, ishirini, hata thelathini. Anayelazwa leo anatuletea habari za mambo yaliyompata akiwa kijana, au akiwa mtoto mchanga mgongoni mwa mamake, na mara nyingi yalimpata mbali na hapa.

Mbali na hapa, kwa sababu Thika na Ruiru, miji ya Kaunti ya Kiambu, ni miji ya wahamiaji. Sensa ya 2009 ilihesabu watu 238,858 katika mji wa Ruiru. Ile ya 2019 ikahesabu 490,120, na Ruiru ikawa miongoni mwa miji mikubwa kabisa nchini, mbele ya Kisumu na Eldoret. Mji wa ukubwa huo hauzai watu robo milioni kwa miaka kumi. Walikuja kutoka Murang'a na Nyeri, Kitui na Machakos, Busia, Kisii, Siaya. Mashamba ya kahawa yakakatwa ploti, Tatu City ikachipuka palipokuwa na mibuni, na barabara kuu ya Thika iliyokamilika 2012 ikawafanya watu wa Kimbo na Membley kuwa majirani wa Nairobi. Kila mmoja alikuja na ini lake, na ini hilo lilikuwa limeshaanza kuandikwa historia kwao.

Ndiyo sababu mtu akiuliza, "Sirosisi huku kwetu huletwa na nini?" jibu la neno moja litampotosha. Swali lenye faida ni hili: ilikuwa ikiletwa na nini, na itakuwa ikiletwa na nini?

Njia nyingi, kovu moja

Ini hufanya kazi kimya. Linachuja damu yote inayotoka tumboni na kwenye utumbo, linatengeneza protini zinazogandisha damu mtu anapojikata, linahifadhi sukari, linavunja sumu na dawa. Likijeruhiwa hujiponya upesi kuliko viungo vingine vingi vya ndani. Shida huanza jeraha linapojirudia kila siku kwa miaka. Hapo badala ya nyama mpya huota nyuzi ngumu za kovu, na nyuzi hizo zikiungana huligawa ini kuwa vinundu vinundu.

Damu iliyokuwa ikipita humo sasa inakuta njia imebana. Inarudi nyuma, bandama linavimba, maji yanavuja tumboni, na mishipa ya umio inatuna mpaka siku moja inapasuka na mtu anatapika damu. Sumu ambazo ini halikuzichuja zinapanda kichwani, mgonjwa anaanza kusahau mchana na usiku. Katika baadhi ya maini hayo saratani huota.

Ukitazama kovu lenyewe kwa macho, ni vigumu kujua lilitoka wapi. Virusi huacha kovu, pombe huacha kovu, mafuta huacha kovu. Ufanano huo uliwadanganya hata mabingwa.

Madaktari walipolaumu njaa

Katika miaka ya 1940 na 1950, madaktari wa Afrika Mashariki walikuwa na maelezo yao. Hugh Trowell, aliyeanza kazi Kenya mwaka 1929 kabla ya kuhamia Uganda, aliona watoto wa hospitali ya Mulago wenye kwashiorkor, nyuso zimevimba na maini yamejaa mafuta. Wenzake waliopasua maiti za watu wazima walikuta sirosisi na saratani ya ini kwa wingi usio wa kawaida kwa vijana. Hoja ikajengwa: mtoto anayekosa protini anakua na ini bovu, na ini hilo ndilo linalosinyaa akiwa mtu mzima. Dawa basi ni maziwa na maharagwe.

Ilikuwa hoja nzuri, yenye huruma, na haikuwa sahihi. Watoto wa kwashiorkor waliopona walipona na maini yao. Chanzo kikubwa kilikuwa kitu ambacho hakuna hadubini ya Mulago ingeweza kukionyesha wakati huo. Mwaka 1965 Mmarekani Baruch Blumberg na wenzake walieleza protini ngeni waliyoikuta katika damu ya mwenyeji asilia wa Australia. Baadaye ikabainika kuwa ni ganda la virusi vya homa ya ini aina ya B. Blumberg alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1976, na chanjo ya kwanza ikaidhinishwa Marekani 1981.

Virusi hivi vina tabia inayoeleza mengi kuhusu Afrika. Mtu mzima akivipata, mara nyingi mwili wake huvishinda. Wanaobaki navyo daima hawafiki watano kwa mia. Mtoto akivipata kabla ya kutimiza mwaka, tisini kwa mia hubaki navyo. Huku kwetu wengi waliambukizwa utotoni, kutoka kwa mama wakati wa kuzaliwa au kutoka kwa watoto wenzao kupitia vidonda na mikwaruzo ya michezo. Walikua, wakaoa, wakafanya kazi viwandani Thika bila dalili yoyote. Walipofika arobaini, ini likaanza kudai.

Mahindi ya nyanda za chini

Virusi havikuwa peke yao. Mwaka 1960 bata mzinga zaidi ya laki moja walikufa Uingereza baada ya kulishwa mashudu ya karanga yenye ukungu, na sumu ya ukungu huo ikapewa jina la aflatoksini, ambayo wengine huiita sumukuvu. Muda si mrefu watafiti waliifuata mpaka jirani kabisa na Thika. F. G. Peers na C. A. Linsell walikusanya sampuli za chakula katika nyumba za Murang'a, kuanzia miteremko ya baridi chini ya Nyandarua hadi nyanda za joto zinazoelekea Ukambani. Matokeo yao, yaliyochapishwa 1973, yalikuwa wazi: kadiri walivyoteremka, ndivyo sumu ilivyoongezeka chakulani, na ndivyo saratani ya ini ilivyokuwa nyingi. Utafiti huo ulikuwa miongoni mwa tafiti za kwanza duniani kuonyesha uhusiano huo kwa kupima chakula cha watu wenyewe.

Miaka thelathini baadaye somo likarudi kwa ukali. Kati ya Januari na Julai 2004, watu 317 waliugua na 125 wakafa kwa sumu ya mahindi katika wilaya za Makueni, Kitui, Machakos na Thika. Wilaya ya Thika ya wakati huo ilikuwa pana. Ruiru na Gatundu zilikuwa ndani yake. Mahindi yalivunwa yakiwa na unyevu, yakawekwa ndani ya nyumba kwa hofu ya wezi, ukungu ukashika. Wachunguzi walipopima bidhaa 350 za mahindi kutoka masoko 65 ya wilaya hizo, zaidi ya nusu zilipita kiwango kilichoruhusiwa cha wakati huo, na chache zilikipita mara hamsini na zaidi.

Vifo hivyo havikuwa vya sirosisi. Vilikuwa vya ini lililokufa ghafla kwa dozi kubwa. Lakini walipolinganisha waliougua na majirani zao wazima, wachunguzi walikuta jambo moja zaidi: waliougua walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa na virusi vya B. Utafiti wa Shanghai ulikuwa umeshaonyesha hesabu ya kutisha kuhusu saratani ya ini: sumu peke yake iliongeza hatari mara tatu hivi, virusi peke yake mara saba, na vyote viwili kwa pamoja karibu mara sitini. Utafiti wa Gambia nao ulionyesha kwamba watu waliokula karanga nyingi maishani walikuwa na sirosisi zaidi.

Kwa hiyo sahani ya githeri, mahindi na maharagwe, ya mwaka 1985 na mkwaruzo wa uwanjani wa mwaka 1980 vilikutana ndani ya mtu mmoja, na hospitali ikaandika tu: ini.

Chanjo iliyogawanya vizazi

Mwaka 2001 Kenya ilianza kuwachanja watoto sindano ya magonjwa matano: dondakoo, kifaduro, pepopunda, bakteria ya Hib inayoleta homa ya uti wa mgongo, na homa ya ini B. Hakukuwa na sherehe kubwa. Mama alipeleka mtoto kliniki wiki ya sita, ya kumi na ya kumi na nne, mtoto akalia, kadi ikajazwa. Lakini tarehe hiyo iligawanya Wakenya mafungu mawili ambayo hayaonekani mtaani. Aliyezaliwa baada yake kwa kawaida amekingwa. Aliyezaliwa kabla, isipokuwa alijitafutia chanjo, hakukingwa.

Utaona basi kwa nini wodi hazijabadilika upesi. Kizazi cha chanjo ndicho kinachoendesha bodaboda Ruiru sasa na kusoma vyuoni Juja. Umri wa sirosisi bado hakijaufikia. Wanaolazwa ni wazazi wao. Kushuka kwa sirosisi ya virusi kutaonekana polepole, jinsi wazee wa fungu lisilochanjwa wanavyopungua, na anayetaka kupima mafanikio ya chanjo kwa vitanda vya mwaka huu atakata tamaa bure.

Fungu lililochanjwa nalo lina mwanya. Sindano ya wiki ya sita haimfikii mtoto aliyeambukizwa siku ya kuzaliwa. Shirika la Afya Duniani linapendekeza dozi ya kwanza itolewe ndani ya saa 24 baada ya kuzaliwa, na ratiba iliyoanza 2001 haikuwa nayo.

Na wale wa fungu lisilochanjwa hawajahukumiwa. Tenofovir, kidonge kile kile kilicho katika dawa za watu wengi wanaoishi na VVU, hutuliza virusi vya B, hupunguza makovu na hatari ya saratani. Anayeishi na VVU hukipata bila malipo katika kliniki yake, ini lake likalindwa pamoja na damu yake. Mwenye virusi vya B pekee mara nyingi hajui kwamba anavyo, na akijua hujikuta akitafuta kidonge hicho kwa mfuko wake. Machi 2024 Shirika la Afya Duniani lilirahisisha masharti ya kuanza matibabu, hata mahali pasipo na mashine ghali, kwa kutumia vipimo vya kawaida vya damu. Kilichobaki ni mtu kupimwa, na kipimo cha kwanza ni tone la damu na dakika chache.

Kutoka muratina hadi mzinga

Wakati chanzo kimoja kinafungiwa mlango, kingine kimeshaingia sebuleni.

Agikuyu walikuwa na pombe tangu zamani. Muratina, iliyochachushwa kwa asali au miwa na tunda la mti wa muratina, ilikuwa kinywaji cha wazee na cha shughuli: ruracio (mahari), kupatanisha waliogombana, kumimina kwa wahenga. Kijana hakuruhusiwa kuigusa. Nguvu yake ilikuwa ndogo, na utengenezaji wake ulidai siku, asali na sababu. Serikali ya kikoloni ilizuia Waafrika kunywa pombe kali, na serikali huru ikaendelea kuiwinda chang'aa, pombe kali ya kienyeji, kwa sheria mpaka 2010. Marufuku haikuizima, iliipeleka uchochoroni.

Uchumi ulifanya lililobaki. Mfumo wa kimataifa uliokuwa ukilinda bei ya kahawa ulipovunjika mwaka 1989, mashamba madogo ya Kiambu na Murang'a yalipoteza mhimili wake. Vijana wakateremkia mijini, kwenye kazi za mjengo, machimbo ya mawe na vibarua vya siku. Mtu alipwaye kila jioni hununua kinachouzwa kwa bei ya jioni moja. Soko likamjibu.

Hesabu ya gramu inaeleza mabadiliko hayo vizuri kuliko mahubiri. Chupa ya bia ya nusu lita yenye kilevi asilimia 5 ina gramu 20 hivi za kilevi. Chupa ndogo ya mililita 250 yenye asilimia 40 ina karibu gramu 80: bia nne ndani ya kitu kinachoingia mfuko wa koti. Mzinga wa mililita 750 una gramu kama 240, sawa na bia kumi na mbili. Anayekunywa zaidi ya gramu 60 kila siku kwa miaka kumi amejiweka katika hatari kubwa ya sirosisi, na kwa mwanamke kiwango cha hatari ni cha chini zaidi. Si wote watakaoipata. Kati ya wanywaji wazito huipata kama mmoja au wawili kwa kumi. Nani, hakuna anayeweza kumwambia mapema.

Serikali imeipiga vita pombe kwa mikono miwili isiyosikilizana. Mwaka 2004 bia ya keg, Senator, iliingia sokoni ikipunguziwa ushuru ili kuwatoa watu kwenye chang'aa. Sheria ya 2010, ambayo watu waliiita ya Mututho kwa jina la mbunge wa Naivasha aliyeipeleka Bungeni, iliruhusu chang'aa iliyodhibitiwa, ikapiga marufuku vifuko, ikaamuru baa zifunguliwe saa kumi na moja jioni siku za kazi. Mwaka 2013 ushuru wa keg ulipandishwa, mauzo yakaporomoka, na wanywaji wengi hawakuacha kunywa bali walishuka ngazi. Mei 2014 watu zaidi ya 80 walikufa kwa pombe yenye methanoli mashariki na kati ya Kenya. Ushuru ukalegezwa tena. Julai 2015 Rais Uhuru Kenyatta aliwaamuru wabunge wa eneo la kati waongoze msako, mapipa yakamwagwa barabarani na kamera zikapiga picha.

Hapa pana mkanganyiko unaogharimu maisha. Methanoli huua au kupofusha kwa siku moja au mbili. Mwili huigeuza kuwa asidi inayoharibu neva za macho. Ni mauaji, na huingia taarifa ya saa moja. Kilevi cha kawaida, kilichopimwa, kikapewa stempu ya ushuru na kuuzwa dukani kwa risiti, hakiui hivyo. Kinatia kovu. Mtu akifa kwacho mwaka wa ishirini, hakuna waziri anayefika kijijini. Msako unaotafuta pombe "mbaya" peke yake unamwacha mnywaji akiamini kwamba ile iliyo na stempu ni nzuri. Ini halisomi stempu.

Utafiti wa 2022 wa NACADA, mamlaka ya kitaifa ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, ulikadiria kwamba Mkenya mmoja kati ya kila wanane wa umri wa miaka 15 hadi 65 anakunywa pombe. Yule wa miaka 18 aliyemo katika hesabu hiyo, ikiwa anakunywa sana kila siku, tarehe yake ya wodini iko karibu na 2045. Na huyu ndiye aliyechanjwa.

Chanzo kisicho na harufu

Chanzo cha nne, mafuta ndani ya ini, kinaingia na pesa. Utafiti wa kitaifa wa 2015 kuhusu magonjwa yasiyoambukiza ulikuta asilimia 27 ya Wakenya wazima wana uzito uliozidi. Kwa wanawake ilikuwa asilimia 38.5. Maisha ya Ruiru yamefanana na takwimu hiyo: safari ya matatu asubuhi na jioni, kazi ya kukaa, chipsi na soda mchana, chapati usiku, na mguu unaotembea tu kutoka stejini hadi getini. Sukari na unga vinavyozidi mahitaji ini huvigeuza mafuta na kuyaweka ndani yake. Kwa wengi mafuta hayo hukaa bila fujo. Kwa wachache, hasa wenye kisukari, huwasha uvimbe, na uvimbe huleta kovu.

Mwaka 2023 vyama vya madaktari wa ini duniani vilibadilisha jina la ugonjwa huu ili usitajwe tena kwa kuukanusha ulevi. Kwa mama asiyekunywa pombe, anayeuza mitumba Makongeni na kuimba kwaya, badiliko hilo lina maana: akiambiwa ini lina makovu, mtaa wote utamshuku kunywa kwa siri. Aibu hiyo humchelewesha kurudi kliniki. Na kwa anayekunywa akiwa pia mnene, vyanzo hivi viwili husukumana, kovu likaja mapema kuliko kila kimoja kingelileta peke yake.

Pembeni vipo vingine. Kichocho cha tumbo kutoka Mwea, Ukambani au Ziwa Victoria huziba mishipa ya ini na kumtapisha mtu damu, ingawa seli za ini zenyewe huwa hazijachoka, kwa hiyo akipata tiba sahihi ana nafasi nzuri kuliko mwenye sirosisi. Utafiti wa mashariki mwa Ethiopia uliochapishwa 2018 uliihusisha miraa na ugonjwa sugu wa ini, jambo la kufuatiliwa katika miji ambayo muguka, aina ya miraa, huuzwa kila stendi.

Kuipanga kazi kwa kalenda

Misri inaonyesha nchi inavyoweza kuandika kovu la wananchi wake na kisha kulifuta. Kampeni ya kutibu kichocho kwa sindano, iliyoanza miaka ya 1950, ilirudia kutumia sindano zilezile na kueneza virusi vya homa ya ini C. Kufikia 2017 Misri ilikuwa na vifo vya sirosisi vingi kupita kiasi. Kati ya 2018 na 2019 serikali iliwapima karibu watu milioni 50 na kuwatibu walioambukizwa. Haikusubiri wafike wodini.

Somo kwa Kiambu ni kugawa kazi kwa umri. Aliyezaliwa kabla ya 2001 apimwe virusi vya B mara moja maishani, popote anapoingia hospitalini kwa sababu nyingine, na atibiwe anapostahili. Mtoto atakayezaliwa usiku huu Thika apewe sindano yake kabla hajatoka wodi ya wazazi. Mahindi yakaushwe na kupimwa kabla ya kufika kinuni, kwa sababu githeri ya shuleni leo ni ya ini la mwaka 2050. Kijana wa keg na mzinga apewe bei, saa na ushauri vinavyopunguza gramu zote, zilizo halali na zilizo haramu. Na kila cheti cha kifo kinachoandikwa "ugonjwa wa ini" kiandike ulitokana na nini, maana nchi isiyojua wafu wake waliuawa na nini itaendelea kupigana na adui wa miaka ishirini iliyopita.

Mgonjwa wa miaka 48 tuliyeanza naye hawezi tena kurudi nyuma kuchanjwa. Bado anaweza kupimwa ijulikane nini kinamla, na ikiwa ni virusi au pombe, kukizuia hata sasa kunaweza kumpa miaka. Watoto wake wanaweza kupimwa kesho asubuhi. Kumwita mlevi kabla ya kipimo kunawanyima wote nafasi hiyo.